Shamba la Babu na Mjukuu Anayepokea SSI

Kama unamlea mtoto mwenye ulemavu Marekani na anapokea SSI, yaani posho ya serikali ya huko kwa wenye ulemavu na kipato kidogo, zungumza mapema na babu yake kule Ahero au Njoro: asiandike shamba kwa jina la mtoto. Mpokeaji wa SSI haruhusiwi kuwa na mali inayohesabiwa kupita dola 2,000, na ardhi ya Kenya anayoweza kuiuza huhesabiwa pia. Hata robo ekari tu yaweza kuvuka kiwango hicho. Posho ikikatika, katika majimbo mengi Medicaid, bima ya matibabu ya serikali, nayo huwa hatarini, na hapo ndipo penye uchungu: dawa, mazoezi ya viungo, mhudumu wa nyumbani.

Suluhisho ni amana ya mahitaji maalum (special needs trust). Mali hushikwa na mdhamini, yaani msimamizi wa amana (trustee), naye humlipa moja kwa moja muuza kiti cha magurudumu au mwalimu. Pesa taslimu asimpe mtoto mkononi, maana hupunguza posho. Ila chunga sana: ikiwekwa mali ya mtoto mwenyewe, akifariki Medicaid hurudishiwa kwanza ilichomlipia. Ikiwekwa mali ya babu au mzazi, deni hilo halipo. Kwa hiyo urithi uingie kwenye amana bila kupita mikononi mwa mtoto.

Wosia wa babu useme hivi: “Sehemu ya mjukuu wangu iuzwe, pesa akabidhiwe mdhamini wa amana yake.” Mashahidi wawe wawili, na wasiwe warithi. Nawe andika wako. Ukifa bila wosia, sheria ya urithi ya Kenya huwapa watoto mafungu sawa, na fungu la mtoto huyu litamwangukia yeye mwenyewe. Tafuta wakili huku Marekani na mwingine Kisumu au Nakuru, na wasomeane rasimu.

Nyumbani wengine watasikia kwamba mtoto ananyimwa. Mwambie bibi waziwazi: “Mama, fungu lake bado ni lake, tunalinda tu matibabu yake.” Nimeona wazee wakilielewa hili upesi kuliko vijana.

Michango ya harambee nayo isiingie akaunti ya kawaida ya mtoto. Iende kwenye amana, au kwenye akaunti ya ABLE, akaunti maalum ya akiba ya watu wenye ulemavu, ambayo tangu Januari 2026 iko wazi kwa ulemavu ulioanza kabla ya miaka 46.

Mkienda likizo Kisumu, hesabuni siku. Mtoto akikaa nje ya Marekani siku 30 mfululizo, kwa kawaida SSI husimama hadi atimize siku 30 mfululizo akiwa amerudi.