Maji ya baridi yatangulie kwenye beseni

Kwa baridi hii ya Juni na Julai huku Mbeya, ukimwogesha mtoto tanguliza maji ya baridi kwenye beseni, ndipo umimine ya moto, kisha uyapime kwa kiwiko. Kiganja kilichozoea sufuria hudanganya. Ukianza na ya moto, ukigeuka tu kufuata ndoo mtoto ameshachovya mkono, na maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache. Ila haisaidii kitu kama sufuria yenyewe umeiacha sakafuni inafuka mvuke, hatua mbili tu kutoka alipo. Iweke juu kabla hujamvua nguo. Akiungua, mmwagilie maji ya bomba dakika 20. Dawa ya meno msimpake, jamani.