Jinsi ya kuichimba nahau ya Kiingereza mpaka mzizi

Nilipokuwa mchanga katika kazi ya kutafsiri, nililetewa barua ya mkandarasi yenye maneno "the whole nine yards". Nikaandika "yadi tisa zote". Mteja akapiga simu: "Ndugu, hicho kitambaa kimetajwa ukurasa gani?" Tangu siku hiyo kila nahau naipitisha hapa.

Hatua ya 1: Ifunike kwa kidole. Soma sentensi nzima bila nahau, uone pengo linadai nini. Barua ile ilitaja paa, madirisha, rangi, kisha hizo yadi. Baada ya orodha kama hiyo pengo linajijaza lenyewe: kila kitu, bila kubakiza. Maana umeipata na kamusi hujaigusa.

Hatua ya 2: Tafuta mwaka kwanza, hadithi baadaye. Mtandaoni utaambiwa marubani wa Vita vya Pili vya Dunia walibeba mikanda ya risasi yenye urefu wa yadi tisa, na aliyemmiminia adui mkanda mzima ndiye aliyeanzisha msemo. Tamu kweli, na utamu huo ndio unaonitia shaka. Ingia kwenye magazeti ya zamani (Maktaba ya Bunge la Marekani imeyaweka mengi mtandaoni, bure), andika msemo ndani ya alama za kunukuu, kisha badilisha neno mojamoja. Watafiti waliofanya hivyo walikuta "the full nine yards" katika gazeti la Mitchell, Indiana, la mwaka 1907, kwenye habari ya mechi ya besiboli. Vita vilianza 1939! Tena mwaka 1912 huko Kentucky gazeti liliandika yadi sita. Yaani namba ilikuwa ikibadilika tu midomoni mwa watu; hakuna kitambaa wala mkanda uliopimwa.

Fanya vivyo hivyo kwa mvua ya "cats and dogs", yaani mvua kubwa sana. Wapo wanaosema paka na mbwa waliteleza kutoka kwenye mapaa ya nyasi. Puuza. Mwandishi Jonathan Swift aliutumia msemo huo mwaka 1738, na paa halimo.

Hatua ya 3: Uliza ni kazi ya nani. Waingereza waliokota nahau nyingi melini, na hapo mtu wa pwani ana faida. Katika "by and large", "by" ni chombo kinachobisha, yaani kinachokwenda kuelekea upepo unakotoka, "large" ni upepo unaotoka nyuma. Chombo kilichoyaweza yote mawili kilisifiwa, na leo maana yake ni "kwa jumla". "Taken aback" ni upepo kugeuka ghafla, ukalipiga tanga kwa mbele na kulibana kwenye mlingoti, chombo kikashikwa palepale. Aliyewahi kupanda jahazi hahitaji picha: ndivyo mtu anavyopigwa na butwaa.

Hatua ya 4: Pima uzito kabla ya kuandika. "Turn a blind eye" haisumbui, kwani "kufumbia macho" tunayo. "Kick the bucket" ndiyo mtego. Maana ni kufa, ila kwa utani usio na heshima. Niliwahi kusoma tafsiri ya filamu ambapo jambazi, akimcheka adui yake aliyelala chini, anatamka kwa adabu zote: "Ameaga dunia." Jambazi yule alitakiwa kusema "amedanja".