Namna ya Kulea Watoto wa Nge Tangu Siku ya Kuzaliwa

Nge hatagi mayai. Watoto wake hukua ndani ya mwili wa mama kwa miezi mingi, na kwa baadhi ya spishi kwa zaidi ya mwaka, kisha huzaliwa wakiwa hai na kupanda mgongoni mwake mara tu wanapoweza kusimama. Idadi yao hutofautiana sana, kuanzia wachache hadi zaidi ya mia moja kwa uzazi mmoja. Mfugaji huweza pia kushtukizwa na uzazi asioutarajia, kwa kuwa majike wa spishi kadhaa huhifadhi mbegu za dume mwilini na kuzaa tena bila kupandwa upya. Basi ukiona jike wako amevimba tumbo hata ngozi laini ya ubavuni imetanuka na vitu vyeupe vinaonekana ndani yake, mwandalie mahali penye giza na utulivu, umwekee gome la mti la kujifichia na kisahani cha maji kisicho na kina, chenye vijiwe ndani yake ili mtoto atakayeanguka asizame.

Katika siku za kwanza kazi yako kubwa ni kutofanya kitu, na hilo ndilo linalowashinda wafugaji wengi wapya. Watoto huwa weupe na laini kama nta, miguu yao bado haina kucha, na hawali chochote, kwa sababu wanatumia akiba ya chakula waliyotoka nayo tumboni. Kila unapofunua chombo kuwapiga picha, mama hushtuka, na mama aliyeshtuka mara kwa mara huwaangusha watoto au huwala. (Ile imani ya zamani kwamba watoto ndio wanaomla mama yao mgongo haina ukweli, hatari iko upande wa pili.) Usimwachie mama nyenje hai wanaorukaruka, kwani huweza kuwang'ata watoto; mpe mdudu mdogo aliyekwisha kuuawa, na asipoguswa mwondoe kesho yake. Mtoto akianguka, mwache ajaribu kupanda mwenyewe. Akishindwa, msogeze kwa brashi laini hadi karibu na miguu ya mama, wala usijaribu kumpachika mgongoni.

Baada ya wiki moja hadi mbili kwa spishi nyingi, na muda mrefu zaidi kwa zile kubwa, watoto hujivua gamba la kwanza wakiwa bado wamebebwa. Hapo hupata rangi, kucha na mwiba unaofanya kazi, na baada ya siku chache zaidi huanza kushuka na kurudi, kushuka na kurudi, mpaka siku moja hawarudi tena. Usiwatenganishe na mama kabla ya wengi wao kushuka kwa hiari yao. Wakati ukifika, mfunike mama kwa bakuli, kisha wakusanye watoto mmoja mmoja kwa brashi na kijiko, ukiwahesabu. Waliopotea hutafutwa gizani kwa tochi ya mwanga wa urujuanimno, kwa kuwa gamba la nge likishakomaa hung'aa rangi ya kijani chini ya mwanga huo; mtoto mchanga, au aliyejivua gamba muda mfupi uliopita, hang'ai. Spishi nyingi zinahitaji kutenganishwa mapema kwa sababu ndugu hulana, lakini nge mkubwa wa Afrika Magharibi, Pandinus imperator, huvumilia kuishi na watoto wake kwa miezi kadhaa, na hata huwararulia mawindo.

Kila mtoto apewe kopo lake dogo lenye upana wa sentimita 5 hadi 7, kuta laini, na kifuniko chenye matundu yasiyoweza kupitisha mwili wake. Chombo kikubwa kinapendeza machoni, lakini humo mtoto hakutani na chakula chake na wewe huwezi kujua kama amekula. Tandika sentimita mbili au tatu za unga wa makumbi ya nazi kwa spishi za msituni, au mchanga uliochanganywa na udongo kwa spishi za jangwani, na uweke kipande kidogo cha gome.

Unyevu ndio unaoua au kuokoa. Kwa nge wa msituni, finyanga udongo mkononi: unapaswa kushikamana bila kutoa tone la maji. Nge wa jangwani abaki pakavu, ila hata yeye akiwa mchanga anahitaji kona moja yenye unyevu kidogo, kwa kuwa mwili mdogo hukauka upesi kuliko mkubwa. Usinyunyize hadi matone yatiririke kwenye kuta, maana matundu ya kupumulia yako chini ya tumbo, na mtoto anaweza kufa maji katika tone moja. Joto la nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi linawafaa wengi wao. Chombo cha kupasha joto kikae ubavuni, si chini, kwa sababu nge huchimba kwenda chini anapokimbia joto. Kopo lisiachwe juani hata kidogo.

Chakula kisizidi ukubwa wa kiwiliwili cha mtoto bila mkia: makinda ya nyenje, mende wachanga, au nzi wadogo wa matunda wa aina isiyoruka. Mtoto anayeogopa mawindo hai mara nyingi hukubali paja la nyenje lililokatwa na kuwekwa mbele yake. Mara moja au mbili kwa wiki yatosha. Mabaki yaondolewe ndani ya siku moja, la sivyo yataleta ukungu na utitiri, na utitiri ukishaenea hakuna dawa nzuri kuliko kumhamishia mtoto katika kopo safi lenye udongo mpya. Wadudu waliokamatwa nje wasitumike, kwani huenda wamepita penye dawa ya kuulia wadudu.

Nge hujivua gamba takriban mara 5 hadi 7 kabla ya kukomaa, na vifo vingi hutokea hapo. Mtoto anayekaribia kujivua hunenepa, hupoteza mng'ao, huzubaa na kukataa chakula. Ondoa mawindo yote, ongeza unyevu kidogo, kisha usimguse. Gamba hupasuka upande wa mbele wa kichwa naye hujivuta nje polepole, na anayemsaidia kwa kibano humng'oa miguu. Akimaliza, subiri siku kadhaa hadi magando na mwiba vikauke ndipo umlishe.

Usimshike mtoto kwa mkono, hata awe mdogo kiasi gani, kwani ana sumu tangu alipojivua gamba la kwanza. Spishi za jenasi za Androctonus, Leiurus, Parabuthus, Tityus na Centruroides zinajumuisha nge wanaoweza kuua mtu, na kwa maoni yangu si za kulelewa nyumbani na mtu anayeanza, hasa penye watoto. Anayeumwa na nge wa namna hiyo apelekwe hospitali mara moja bila kusubiri dalili. Hakikisha pia sheria ya mahali ulipo inaruhusu ufugaji huo. Pandinus imperator, kwa mfano, yumo katika Kiambatisho cha 2 cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini iliyo hatarini, hivyo biashara yake ya kimataifa inahitaji vibali. Watoto waliozidi wapewe wafugaji wengine, wasiachiliwe porini.

Bandika kwenye kila kopo karatasi yenye jina la spishi, tarehe ya kuzaliwa, tarehe za kujivua gamba na siku ya mlo wa mwisho. Mtoto akigoma kula kwa wiki mbili, ni karatasi hiyo itakayokuonyesha kama anajiandaa kujivua au anaumwa.