Namna ya kumsimamia mtoto anayetumia mchezo wa kidijitali kama tiba ya tatizo la umakini

Tarehe 15 Juni 2020, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) iliidhinisha mchezo uitwao EndeavorRx utumike kwa cheti cha daktari kwa watoto wa miaka 8 hadi 12 wenye ADHD, yaani hali inayomfanya mtoto ashindwe kudumu katika jambo moja, kutulia au kujizuia. Haikuwahi kutokea kabla ya hapo mchezo wa kidijitali ukapewa kibali cha namna hiyo, na mwezi Desemba 2023 kibali hicho kilipanuliwa kikawafikia vijana wa hadi miaka 17. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mzazi au mlezi anayefikiria kumpa mwanawe tiba ya aina hii, na msimamo wake ni mmoja: mchezo unaweza kumsaidia mtoto, lakini alama anazopata ndani ya mchezo si kipimo cha kupona kwake. Kipimo kiko darasani, mezani na kitandani.

Usianze na kishikwambi, anza na uchunguzi. ADHD haithibitishwi kwa dodoso la mtandaoni wala kwa malalamiko ya mwalimu mmoja. Daktari atataka kujua kama dalili zilijitokeza kabla ya mtoto kutimiza miaka 12, kama zimedumu kwa angalau miezi sita, na kama zinaonekana katika mazingira zaidi ya mamoja, kwa mfano shuleni na nyumbani. Mwombe pia amchunguze mtoto macho, masikio na damu, na mweleze jinsi mtoto anavyolala, kwa sababu mtoto asiyeona vizuri ubaoni, mwenye upungufu wa damu au anayelala usiku wa manane huonekana mzembe wa umakini ilhali tatizo lake ni jingine kabisa. Aidha, mtoto anayetulia kila mahali isipokuwa katika kipindi cha mwalimu mmoja huenda anaogopa fimbo, na hofu hiyo haitibiwi kwa mchezo.

Wazazi wengi husita hapa na kuuliza: mbona akishika simu anatulia saa nzima? Swali hilo ni la haki na linastahili jibu. Mchezo wa kawaida humpa mtoto zawadi kila baada ya sekunde chache, kwa sauti, rangi au pointi, na ubongo wa mtoto mwenye ADHD hushikwa kwa urahisi na zawadi ya papo hapo. Kinachomshinda ni kuendelea na jambo ambalo malipo yake yako mbali, kama kunakili kazi ya ubaoni hadi mwisho. Kwa hiyo, kutulia kwake mbele ya simu hakuonyeshi kwamba hana tatizo, na wala si ushahidi kwamba mchezo wowote ule unamtibu.

Mchezo wa tiba umeundwa kwa lengo tofauti. Katika EndeavorRx, mtoto huongoza chombo kinachoelea kwa kuinamisha kishikwambi kushoto na kulia ili akwepe vizuizi njiani, na wakati huohuo anatakiwa kugusa kioo pale tu kinapojitokeza kiumbe alichoelekezwa, akiviacha vingine vipite. Anapoongoza na kuchagua kwa pamoja, analazimika kugawa umakini na kujizuia asiguse ovyo. Programu hupima uwezo wake muda wote na kuongeza ugumu kila anapoimarika, hivyo mtoto haachwi azoee. Wazo hilo lilitokana na kazi ya Adam Gazzaley na wenzake katika Chuo Kikuu cha California, San Francisco, ambao mwaka 2013 walichapisha matokeo ya mchezo wa kuendesha gari uliowasaidia wazee kuimarisha umakini.

Je, unafanya kazi kweli? Katika jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2020, watoto 348 wa miaka 8 hadi 12 waligawanywa kwa bahati nasibu: 180 walicheza mchezo huo na 168 walicheza mchezo wa maneno. Baada ya wiki nne, kundi la kwanza lilikuwa limepiga hatua kubwa zaidi katika kipimo cha umakini kinachofanywa kwa kompyuta. Hata hivyo, wazazi walipoulizwa kuhusu dalili za kila siku, makundi yote mawili yalionyesha nafuu na hapakuwa na tofauti ya maana kati yake. Kwangu mimi, hili ndilo jambo muhimu kuliko yote ambayo mzazi anapaswa kulibeba, kwa maana linatuonyesha kwamba mtoto anaweza kuimarika mbele ya kioo bila badiliko hilo kufika kwenye daftari lake la hesabu. Ndiyo sababu FDA yenyewe ilisisitiza kwamba mchezo huu utumike pamoja na huduma nyingine, kama vile dawa, ushauri wa kitaalamu na msaada wa kielimu, wala usichukue nafasi yake.

Kipimo cha tiba kilichotumika katika jaribio hilo kilikuwa dakika 25 kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa muda wa wiki nne. Ukishapewa maelekezo na mtaalamu, yafuate kama unavyofuata dozi: usimruhusu mtoto apitilize kwa sababu anafurahia, na usilimbikize dakika za wiki nzima siku ya Jumamosi. Chagua saa ambayo mtoto ameshakula na hajachoka, isiwe karibu na muda wa kulala. Zima arifa zote, ondoa michezo mingine kwenye kifaa hicho kama inawezekana, chaji betri mapema, kisha mketishe mbali na televisheni na wadogo zake. Kaa jirani bila kumfundisha acheze vipi, kwani ukimwambia mahali pa kugusa utakuwa umefanya zoezi kwa niaba yake.

Tarajia hasira. Mchezo unaozidi kuwa mgumu humkera mtoto, na katika jaribio lile kukereka na kuumwa kichwa ndiyo madhara yaliyoripotiwa zaidi, ingawa kwa watoto wachache tu. Mtoto akianza kulia au kutupa kifaa, simamisha zoezi kwa utulivu, mpe maji, mwache apumue, kisha umuulize kama yuko tayari kuendelea. Usimwadhibu kwa kushindwa, na usiutumie mchezo huo kama zawadi au kitisho. Ikiwa mtoto ana kifafa, hasa kinachochochewa na mwanga unaometameta, au hatofautishi rangi vizuri, daktari lazima ajue kabla ya siku ya kwanza.

Kinachohitaji bidii yako zaidi ni kumbukumbu. Kabla ya kuanza, chagua mambo matatu yanayoonekana kwa macho na uyaandike kwenye daftari: kwa mfano, anakaa dakika ngapi na kazi ya nyumbani kabla ya kuinuka, umemkumbusha mara ngapi avae sare asubuhi, na amesahau vifaa shuleni siku ngapi katika wiki. Andika kwa wiki nzima kabla ya tiba, kisha uendelee hadi iishe. Mwombe mwalimu wa darasa naye aandike sentensi moja kila Ijumaa, bila kumweleza unatarajia nini, ili asije akakupendeza kwa kuandika unachotaka kusoma.

Kwa msomaji aliye nje ya Marekani, ajue kwamba kibali cha FDA kinatambulika huko, na programu nyingi zilizo madukani zikidai kukuza umakini hazijapita kwenye mizani hiyo. Kabla ya kulipia, uliza mambo haya: imejaribiwa kwa watoto wa umri gani, walilinganishwa na kundi gani, na taarifa za mtoto wako zinahifadhiwa wapi na nani. Mwuzaji anayekujibu kwa sifa za wateja pekee hajakujibu.

Wiki nne zikiisha, rudi kwa daktari na daftari lako. Palipo na nafuu ya kweli, yeye ataamua kama mtoto apumzike na kurudia awamu nyingine. Pasipo na nafuu, futa mchezo na uelekeze fedha na muda kwenye mafunzo ya wazazi ya kusimamia tabia na kwenye mpango wa pamoja na shule. Kama mtoto anatumia dawa, usiipunguze wala kuisitisha kwa sababu ya alama nzuri za mchezo. Uamuzi huo ni wa daktari aliyeiandika.