Kutafiti rangi na alama za ushindi kwenye ndege ya Marseille

Kabla hujanunua hata kopo moja la rangi, amua modeli unayojenga ni ya ndege ipi na ya tarehe ipi. Hans-Joachim Marseille, rubani wa JG 27, kikosi cha ndege za kivita cha Ujerumani, huko Afrika Kaskazini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alitumia zaidi ya Messerschmitt Bf 109 F-4 moja yenye namba 14 ya manjano. Ukichanganya picha za Februari 1942 na za Septemba, utaunda ndege ambayo haikuwahi kuruka.

Anza na usukani wa mkiani, maana ndio kalenda yako. Kila ndege aliyodai kuiangusha ilichorewa mstari. Hesabu mistari, kisha linganisha na orodha ya madai yake: tarehe 17 Juni 1942 alifika 101 akaenda likizo Ujerumani; tarehe 1 Septemba pekee alidai 17; alipokufa tarehe 30 Septemba alikuwa na 158. Mafundi wangeweza kuchelewa kuchora, kwa hiyo hesabu hukuambia picha haikupigwa kabla ya lini, basi. Mia ya kwanza ilifupishwa kuwa shada lenye 100 ndani, mistari mipya ikafuata chini yake. Usukani wenye alama 158 umehifadhiwa kwenye makumbusho ya Berlin-Gatow. Usiuhamishie kwenye Bf 109 G-2 aliyofia bila ushahidi wa picha. G-2 hiyo ilikuwa mpya.

Ukweli wa madai ni suala jingine. Tarehe 3 Juni 1942 alidai ndege sita za Kikosi cha 5 cha Afrika Kusini, na hasara za upande wa pili unaweza kuzitafuta kwenye majalada ya AIR 54 (kumbukumbu za vikosi vya anga vya Afrika Kusini) katika hifadhi ya taifa huko Kew, Uingereza. Lakini kwenye usukani, chora kilichochorwa.

Picha nyingi utazipata mtandaoni kwenye Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani. Za wapiga picha wa propaganda zina namba inayoanza na Bild 101I. Maelezo yake ya asili yaliandikwa kwa propaganda, yasome kwa shaka. Kijerumani kikikushinda, ulizia maktaba ya Goethe-Institut hapa Nairobi.

Wengi hukwama kwenye rangi za picha nyeusi na nyeupe. Filamu isiyohisi nyekundu huifanya nyekundu kuwa nyeusi, manjano hufifia kuwa kijivu kizito, na buluu hung'aa karibu na nyeupe. Kwa hiyo tafuta kwanza rangi unayoijua kwenye picha ileile: ukanda mweupe wa kiunoni, na ile 14 ya manjano. Kama 14 ni nyeusi kuliko rangi ya mchanga inayoizunguka, usipime kitu kingine kwa macho matupu. F-4 za jangwani kwa kawaida zilikuwa na rangi ya mchanga RLM 79 juu na buluu RLM 78 chini (RLM ni wizara ya anga ya Ujerumani, iliyozipa rangi namba). Madoa ya kijani RLM 80 yaweke ukiyaona tu. Nembo ya ramani ya Afrika puani nayo isikudanganye: ilibuniwa kabla kikosi hakijafika bara hili.

Vipimo: mabawa ya mita 9.92 ni milimita 207 kwenye modeli ya 1/48. Ukubwa wa namba upime dhidi ya paneli iliyo kando yake, si bawa lililo karibu na kamera, ambalo hutanuka.

Mwisho, sampuli za rangi zilinganishe kivulini karibu na dirisha. Jua letu la saa sita mchana hufanya RLM 79 ionekane krimu, na skrini ya simu ni mbaya zaidi.