Namna ya kugandisha chuma cha zana cha D2 baada ya kukikaza

Kitobozi cha chuma cha D2 kinapotolewa tanurini kikiwa na nyuzi joto zipatazo 1,020 za Selsiasi, kisha kikapozwa mpaka joto la kawaida la karakana, kazi ya kukikaza, yaani kukifanya kiwe kigumu, huwa bado haijakamilika. Chuma hiki kina takriban asilimia 1.5 ya kaboni na asilimia 12 ya kromiamu, na wingi huo hukishusha kiwango cha joto ambacho mabadiliko ya ndani humalizikia, kikawa chini ya sifuri. Kwa hiyo sehemu ya ostenaiti, ambayo ni umbo laini la chuma kilichopashwa moto sana, hubaki imenaswa katikati ya martensaiti iliyo ngumu. Kugandisha, yaani kukipoza chuma mpaka chini sana ya sifuri, kunaiendeleza safari ile ile ya upoaji iliyokatizwa njiani. Hakuwezi kurekebisha chuma kilichopashwa moto vibaya.

Kitobozi kikishafikia joto ambalo mkono unaweza kulivumilia, kisafishe mafuta na unyevu, ukague pembe zake kama zina nyufa, kisha ukigandishe mapema iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya saa moja. Ostenaiti ikiachwa ikae huzoea hali yake na huwa ngumu kugeuka hata kwa baridi kali. Hata hivyo, kifaa chenye pembe kali za ndani au matundu yaliyo karibu na ukingo ni vyema kikapashwa kwanza nyuzi 150 kwa muda wa saa moja. Utapoteza sehemu ya faida, lakini kwa maoni yangu hasara hiyo ni ndogo kuliko kupasukiwa na kifaa kilichochongwa kwa siku kadhaa.

Barafu kavu, yaani kaboni dioksidi iliyoganda, yenye nyuzi hasi 78, hutosha kugeuza sehemu kubwa ya ostenaiti. Naitrojeni ya maji, yaani iliyo kimiminika, hufika hasi 196, na huko kifaa huachwa kwa saa nyingi, mara nyingi 24. Jambo la kuangalia zaidi ni mwendo wa kupoza: shusha nyuzi moja au mbili kwa dakika, ukitumia mvuke wa naitrojeni, wala usikitumbukize kifaa moja kwa moja kwenye maji yake. Martensaiti huchukua nafasi kubwa kuliko ostenaiti, hivyo ngozi ya kifaa ikigeuka na kutanuka huku kiini kikiwa bado hakijageuka, mvutano huo unaweza kukipasua. Muda ukitimia, kiache kipate joto taratibu hewani.

Fanya kazi hii mahali penye hewa ya kutosha. Lita moja ya naitrojeni ya maji hutoa karibu lita 700 za gesi isiyo na harufu, ambayo huisukuma oksijeni nje ya chumba bila mtu kuhisi chochote. Vaa kinga ya uso na glavu pana zinazovulika haraka, na usiifungie naitrojeni kamwe katika chombo kisicho na tundu la kupumulia.

Martensaiti iliyozaliwa kwenye baridi ni kavu na huvunjika upesi, kwa hiyo kirudishie kifaa moto mara tu kinapofikia joto la kawaida: nyuzi 180 hadi 200, saa mbili, kisha kipoe na urudie tena. Ukinoa kabla ya hapo, gurudumu la kunolea linaweza kuacha nyufa nyembamba usizoziona.

Kipimo cha ugumu cha Rockwell C kwa kawaida hupanda alama moja au mbili tu, na wengi hukata tamaa wakiiona namba hiyo. Faida kubwa iko kwenye ukingo unaokawia kuchakaa, na kwenye vipimo visivyobadilika kifaa kinapotumika, ingawa kitatanuka kidogo wakati wa kugandishwa. Kwa hiyo bakiza unene kidogo wa kunoa mwishoni. Ushupavu, yaani uwezo wa kustahimili mishtuko bila kuvunjika, kwa upande mwingine, unaweza kupungua, kwa sababu ostenaiti laini ilikuwa ikimeza sehemu ya mishtuko. Patasi inayopigwa nyundo kutwa nzima haistahili matibabu haya. Vilevile, D2 inayorudishiwa moto wa nyuzi 500 na zaidi hunufaika kidogo, kwa kuwa joto hilo lenyewe huivunja ostenaiti, na chuma laini chenye kaboni kidogo hakina cha kugeuzwa.