AC ya magurudumu kwenye chumba cha kupanga: namna ya kuiweka ili ipoze kweli

Naandika kwa ajili ya wenzangu mnaolala Dar kwenye chumba cha kupanga kuanzia Novemba mpaka Machi, saa nane usiku shuka limelowa, feni inakupulizia joto lile lile, na baba mwenye nyumba hataki kusikia habari ya kutoboa ukuta. AC ya magurudumu inasaidia sana, ila ukiiweka kama unavyoweka feni itakula umeme na usingizi hupati.

Kwenye kununua kuwa makini. Kuna mashine zinaitwa AC madukani lakini unazijazia maji na barafu na hazina bomba la kutoa joto nje, hiyo ni feni ya maji. Dodoma kwenye hewa kavu utaisikia kidogo, lakini huku Pwani hewa imeshajaa unyevu, ukiongeza mvuke ndani unazidi kutota jasho. Mimi niliuziwa hiyo mara ya kwanza, haikupita wiki godoro likaanza kunuka uvundo na hela haikurudi. AC yenyewe ina kompresa, ni nzito kilo 20 na kitu, na nyuma ina bomba nene. Chumba cha futi 10 kwa 12 usishuke chini ya BTU 9,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza), na kwenye boksi ukikuta namba mbili fuata ile ndogo iliyoandikwa SACC, hiyo imeshahesabu joto linalorudi ndani. Kama juu ni bati tupu bila siling bodi, weka hela kwenye siling bodi kwanza.

Sasa bomba, hapa ndipo wengi wanapokosea. Madirisha yetu ni ya alminiamu ya kuslaidi, kuna wavu na kuna grili, na bomba lina upana wa kama sentimita 15 kwa hiyo halipiti kwenye nondo. Tumia ule mdomo bapa unaokuja na mashine, kata plaiwudi au karatasi ngumu ya plastiki urefu wa dirisha, toboa tundu la mdomo, slaidi kioo mpaka kibane, nyufa ziba kwa selotepu pana. Wavu sehemu ile uusogeze, vumbi lake linazuia joto kutoka. Bomba liwe fupi na limenyooka, usiliunganishe na lingine. Likipata joto lizungushie blanketi kuukuu, maana ukiligusa utaona lenyewe ni kama pasi imekaa chumbani. Hakuna msumari uliopigwa, ukihama unabandua unaondoka.

Jambo ninalotaka mlishike kuliko yote ni hili: AC ya bomba moja inavuta hewa ya chumbani na kuitupa nje, na kila hewa inayotoka lazima nyingine iingie, itapita chini ya mlango, kwenye nyufa, popote. Washa mashine halafu weka kiganja chini ya mlango, utausikia upepo unaingia. Kwa hiyo kama jirani anapika kwa mkaa kwenye korido, ile hewa ya jiko inakuja moja kwa moja kitandani kwako, na sumu ya mkaa haina harufu, inaua mtu amelala. Jamani, jiko likiwa linawaka koridoni usiwashe AC, ongea na majirani jiko lisogee uani, na lile la kuachwa usiku "lijizimie" lisiachwe ndani kabisa. Jenereta nayo isiwe karibu na dirisha.

Umeme: AC ya namna hii inakula kama kilowati moja, yaani kompresa ikizunguka bila kupumzika masaa 8 ni yuniti 8 hivi za LUKU. Kama mko kwenye bei nafuu ya wasiozidi yuniti 75 kwa mwezi itawatoa, na kama mita ni ya kushea waambie wenzako kabla hujaiwasha siku ya kwanza, mkubaliane utaongeza shilingi ngapi, ugomvi wa LUKU unavunja nyumba. Chomeka kwenye soketi ya ukutani, ekstensheni nyembamba zinayeyuka. Umeme ukikatika na kurudi, subiri dakika 3 mpaka 5 ndiyo uwashe.

Washa nusu saa kabla ya kulala, pazia zito limeshushwa tangu mchana, weka nyuzi 25 au 26 halafu feni ndogo isukume ubaridi. Ukiweka 18 kompresa haipumziki na chumba hakifiki huko. Kelele ipo, utazoea baada ya siku chache.

Unyevu wa Dar unajaza tanki la maji haraka, likijaa mashine inajizima usiku wa manane. Fungua kizibo cha chini, unganisha mpira mwembamba uelekee kwenye beseni lililo chini zaidi, asubuhi mwaga, usiyanywe. Filta ioshe kila wiki mbili, ikauke kivulini.

Siku ya kuhama mwaga maji yote na isafiri imesimama. Ikilazimika kulazwa kwenye kirikuu, ukifika iache wima mpaka kesho yake ndiyo uiwashe, mafuta ya kompresa yawe yamerudi chini.